Kabla ya Kununua Mashine Yako ya Kwanza ya Kukata Vinaili

Anayeanza kazi ya stika, maandishi ya madirishani au fulana za kubandikwa herufi huwa na swali moja linalotangulia mengine yote: ninunue mashine gani? Nimeulizwa swali hilo mara nyingi, na kila mara hulijibu kwa swali jingine, si kwa kumkwepa muulizaji bali kwa sababu jibu lake limo humo: ni kitu gani utakachokikata siku nne kati ya tano? Mtu atakayekata lebo za chupa zenye upana wa kiganja, mtu atakayeandika jina la duka kwenye kioo cha mita mbili, na mtu atakayeweka namba mgongoni mwa jezi, wote watatu wanahitaji mashine ya kukata vinaili, ile plastiki nyembamba yenye gundi, lakini hawahitaji mashine ya aina moja.

Mimi sikujiuliza hivyo nilipoanza. Nilivutwa na upana. Niliona plota, yaani mashine pana inayokata vinaili ya jora, ya milimita 720 ikiuzwa kwa bei iliyokaribiana na ya mashine ndogo ya mezani, nikajiambia kwamba kubwa itafanya kazi ya ndogo, ilhali ndogo haitaweza kufanya ya kubwa. Hoja hiyo ukiitazama juu juu haina kasoro, na ndiyo iliyonigharimu karibu mwaka mzima. Kazi zilizonijia zilikuwa lebo na stika ndogo ndogo, nyingi zikiwa na maandishi ya milimita nane au kumi, na mashine ile haikuweza kufunga duara dogo: mwisho wa mkato ulikosana na mwanzo wake kwa unene wa ukucha. Zile kazi ndefu nilizoununulia upana ule zilipokuja hatimaye, jora lilianza kwenda upande baada ya mita moja na herufi za mwisho zikatoka nje ya vinaili. Ninayoyaandika hapa yametokana na mwaka ule na miaka iliyofuata, na ninamwandikia mtu ambaye fedha alizonazo zinatosha kununua mashine moja tu.

Ni vyema kwanza kuelewa mashine hii inafanya nini, maana wapo wanaoinunua wakidhani kwamba inachapisha rangi. Haichapishi. Vinaili ina tabaka tatu: plastiki yenyewe yenye rangi, gundi iliyo chini yake, na karatasi laini inayoilinda gundi hiyo hadi siku ya kubandikwa. Kazi ya mashine ni kukata tabaka mbili za juu na kuiacha karatasi ikiwa nzima. Plastiki ya kawaida ina unene wa takriban sehemu sita hadi nane za mia za milimita, kwa hiyo kosa linalotosha kuiharibu kazi ni dogo kama unene wa unywele mmoja. Baada ya kukata, mkono wa binadamu ndio unaong'oa ziada, yaani vipande visivyotakiwa vilivyo kando ya herufi na ndani ya matundu yake, kisha tepu ya kuhamishia hubandikwa juu ili kuyanyanyua maandishi yote kwa pamoja na kuyapeleka kwenye kioo au bati bila kuuvuruga mpangilio wake. Anayepanga bei za kazi zake kwa kuhesabu dakika za mashine peke yake atapata hasara, kwa kuwa mkato wa dakika tatu unaweza kufuatwa na nusu saa ya kung'oa.

Kisu cha mashine nyingi hakigeuzwi na mota yoyote, kinaburutwa tu. Ncha yake haiko katikati kabisa ya mhimili wake bali kando kidogo, mara nyingi kwa robo ya milimita, na umbali huo ndio unaokifanya kigeuke chenyewe kufuata mwelekeo wa mkato, kama vigurudumu vya kiti cha ofisini vinavyojigeuza unapokisukuma. Mashine au programu yake ni lazima iujue umbali huo ili ifidie kila inapofika konani. Ukiandika namba iliyo ndogo kuliko umbali wenyewe, kona za herufi zinakuwa butu. Ukiizidisha, kona zinaota vijisikio. Ninalieleza hili mapema kwa sababu nimewaona watu wakirudisha dukani mashine nzima kwa tatizo ambalo tiba yake ilikuwa kusahihisha tarakimu moja. Ipo pia aina nyingine, ambayo mota hukiinua kisu kwenye kona, hukigeuza, kisha hukishusha tena. Kampuni ya Summa ya Ubelgiji inajulikana kwa mashine za namna hiyo. Hukata vitu vinene na herufi ndogo kwa usafi mkubwa, lakini bei yake ni ya karakana iliyokwisha kusimama, na sioni sababu ya anayeanza kuitamani.

Kwa macho ya mnunuzi wa mara ya kwanza, mashine zilizopo ziko katika makundi matatu ambayo mipaka yake si mikali. Kundi la kwanza ni mashine ndogo za mezani, kama vile Cricut, Silhouette Cameo na Brother ScanNCut, ambazo nyingi hukata upana wa takriban inchi 12, yaani milimita 305, na hupokea vinaili au karatasi iliyobandikwa juu ya mkeka wenye gundi. Hukata pia karatasi ngumu, na baadhi yake hukata kitambaa. Ile ya Brother ina skana ndani yake, hivyo inaweza kusoma mchoro uliochorwa kwa kalamu na kuukata bila kompyuta. Kundi la pili ni plota za bei nafuu zenye upana wa milimita 600 hadi 1,300, zinazosimama kwa miguu yake, ambazo mara nyingi huuzwa kwa majina tofauti ilhali mashine iliyo ndani ni ile ile. Kundi la tatu ni plota za wenye kazi, kama zile za Roland DG na Graphtec za Japani pamoja na Summa niliyokwisha kuitaja, ambazo zile za ukubwa wa kuanzia hukata upana wa takriban milimita 600.

Maoni yangu ni kwamba anayetaka kujifurahisha, kutengeneza zawadi au kuuza stika ndogo na fulana chache kwa wiki achukue mashine ya kundi la kwanza, na asione aibu kwamba ni ndogo. Anayekusudia kuishi kwa mabango na maandishi ya magari afadhali asubiri miezi kadhaa, aongeze akiba, apate ile ndogo ya kundi la tatu, hata kama imeshatumika, kuliko kukimbilia kubwa ya kundi la pili. Silidharau kundi hilo la pili. Nawafahamu mafundi wanaolisha familia zao kwa mashine hizo, lakini kila mmoja wao hukata herufi kubwa zenye mistari minyoofu, na kila mmoja anajua kuifungua mashine yake, kuukaza mkanda na kuibadilisha bodi. Asiye na uwezo huo, na ambaye hajui ampigie simu nani siku mashine itakapokwama, amenunua bei nafuu kwa usingizi wake mwenyewe.

Kinachoyatenganisha makundi hayo kwa hakika ni uwezo wa kuishika vinaili isihame. Upana na nguvu, ambavyo ndivyo vinavyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, vinakuja baada ya hapo. Plota hulivuta jora mbele na nyuma mara mamia kwa kazi moja, likiwa limebanwa kati ya rola za chuma zenye meno madogo upande wa chini na vigurudumu vya mpira upande wa juu. Tuseme kila safari ya kwenda na kurudi inaacha kosa la sehemu moja ya kumi ya milimita, ambalo jicho halilioni. Baada ya safari kumi kosa limekuwa milimita nzima, na duara lililoanza kukatwa mwanzoni mwa kazi haliwezi tena kukutana na mwisho wake. Ndiyo maana mashine inayokata vizuri sana kipande cha ukubwa wa daftari inaweza kushindwa kabisa kwenye ukanda wa mita mbili. Watengenezaji makini huandika kwenye maelezo ya mashine urefu ambao wanahakikisha kwamba mkato hautahama, na ukiukosa urefu huo katika maelezo, hesabu kwamba huna dhamana yoyote.

Kuna jaribio rahisi ambalo muuzaji mwaminifu hatalikataa. Chora mstatili mrefu kadiri kazi zako zitakavyokuwa ndefu, uukate, kisha bila kuigusa vinaili iamuru mashine iukate tena na tena mahali pale pale, jumla mara tatu. Mashine inayoshika vizuri itakuonyesha mstari mmoja. Ukiona mistari miwili au mitatu iliyo sambamba, hasa kwenye ncha ya mbali, umepata jibu kabla ya kutoa fedha. Nenda pia na faili lako mwenyewe. Faili la maonyesho lililomo dukani kwa kawaida ni ua au nyota kubwa, ambayo karibu mashine yoyote huikata vizuri. Faili lako liwe na neno lenye herufi za milimita sita, duara la milimita kumi, na pembetatu yenye kona kali.

Si kila mhamo unatokana na ubovu, hata hivyo, na ni haki kuisemea mashine. Vigurudumu vya mpira ni lazima vikae juu ya sehemu zenye meno za rola, si kando yake. Vinaili inapaswa kufunguliwa kwanza kutoka kwenye jora, kwa urefu wa kutosha kazi yote, ili mashine isilazimike kulivuta jora zito kila inaposogea. Karatasi ya chini nayo hunywa unyevu wa hewa, ikatanuka na kunywea, kwa hiyo jora lililotoka stoo yenye baridi likiwekwa moja kwa moja kwenye mashine linaweza kujikunja mawimbi kazi ikiendelea; liache chumbani saa kadhaa kwanza. Mimi nilipoyajua hayo matatu, nusu ya malalamiko yangu yaliisha. Nusu iliyobaki ilikuwa ya mashine kweli.

Swali la mota linafungamana na hili. Mota ya hatua husogea kwa hatua zilizohesabiwa na haina njia ya kuhakikisha kwamba imefika. Ikiruka hatua kwa sababu ya mzigo au kasi, kila kinachofuata kinakatwa mahali pasipo pake. Mota ya sevo ina kifaa kinachosoma ilipo kila wakati, ikajirekebisha. Kwenye mashine ndogo za mezani mota za hatua hutosha, kwa kuwa mzigo wake ni mwepesi na kasi yake ni ya wastani. Kwenye plota pana inayovuta jora zito kwa kasi, sevo ni sehemu kubwa ya kile unachokilipia, na utaitambua pia kwa sikio, kwa maana ile ya hatua hupiga kelele ambazo jirani wa chumba cha pili atazilalamikia usiku.

Jambo ambalo naona wanunuzi wengi hawalipi uzito wake ni programu. Mashine utaigusa mara chache kwa siku. Mbele ya programu utakaa saa nyingi. Mashine ya kukata haielewi picha, inaelewa mistari tu: anzia hapa, pinda hivi, ishia pale. Nembo iliyopigwa picha kwa simu na mteja ni mkusanyiko wa vidoa vya rangi, na ni lazima igeuzwe kuwa mchoro wa vekta, yaani wa mistari inayoongozwa na nukta, unaohifadhiwa katika mafaili ya aina ya SVG, DXF, EPS au PLT. Inkscape, ambayo haiuzwi, inaifanya kazi hiyo, kama zinavyoifanya CorelDRAW na Adobe Illustrator zinazolipiwa. Lakini ugeuzaji wa kubofya mara moja huweka nukta mia mahali palipohitaji nukta nne, kisu kikatetemeka kwenye kila nukta, na herufi ikatoka na ukingo kama meno ya msumeno. Kuichora nembo upya kwa mkono, kwa nukta chache zilizowekwa mahali pake, ni ujuzi uliowahi kunipa wateja wa kudumu kuliko sifa yoyote ya mashine, na ni ujuzi unaoweza kuupata kabla hujawa na mashine hata moja.

Kwa hiyo ushauri wangu, ambao wachache huufuata na sijamwona aliyeufuata akajuta, ni huu: ijaribu programu kwanza. Programu za mashine nyingi za mezani hupakuliwa bila malipo hata na asiyenunua kitu. Ipakue ile ya mashine unayoitamani, ikae kwenye kompyuta yako kwa wiki mbili, uandike maneno, uunganishe herufi za mwandiko wa mlazo ili zikatwe kama kitu kimoja, uingize SVG uliyoichora kwingine. Utagundua mapema kama kufungua SVG kunahitaji toleo la kulipia, kama programu inakubali kufanya kazi bila intaneti, na kama kompyuta yako kuukuu inaimudu.

Hilo la intaneti si dogo. Mashine za Cricut huendeshwa kwa programu ya kampuni yenyewe, Design Space, inayohitaji akaunti. Machi 2021 kampuni hiyo ilitangaza kwamba wasiolipia usajili wangeruhusiwa kupakia michoro yao 20 tu kwa mwezi. Watumiaji walilalamika kwa wingi, na ndani ya siku chache kampuni ikaliondoa wazo hilo. Silitaji tukio hilo ili kumzuia mtu asizinunue mashine hizo, ambazo zinawafaa watu wengi wa kazi za nyumbani, bali ili mnunuzi aone kwamba mashine inayotegemea programu moja tu ya mwenye kampuni inaweza kubadilishiwa masharti ikiwa tayari mezani kwako. Plota za makundi mengine mawili kwa kawaida huelewa HP-GL, lugha ambayo Hewlett-Packard waliibuni kwa ajili ya plota za kalamu, na Graphtec na Roland wana lugha zao zinazofahamika na programu nyingi za kukatia. Hapo unaweza kuiacha programu moja ukaenda kwenye nyingine bila kubadilisha mashine, na kwa mtu wa biashara uhuru huo una thamani. Hakikisha tu kwamba draiva ya kebo ya USB, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na mashine, inapatikana kwa mfumo ulio kwenye kompyuta yako, kwa kuwa plota nyingi za bei nafuu hukwama hapo hapo siku ya kwanza.

Nguvu ya kisu na kasi nitazipitia upesi, ingawa ndizo zinazotangazwa zaidi. Vinaili ya kawaida hukatwa kwa nguvu ya gramu 80 hadi 120 hivi kisu kikiwa kipya, na karibu kila mashine inayouzwa leo inavuka kiwango hicho kwa mbali. Nguvu kubwa ina maana tu ikiwa utakata vitu vinene, kama mpira wa mabango ya kupigwa mchanga, vinaili ya manyoya ya nguo au vifaa vyenye kuakisi mwanga. Kasi nayo haionekani kwenye herufi ndogo, maana mashine haijaanza kukimbia kabla haijafika konani na kulazimika kupunguza mwendo.

Kisu, kwa upande mwingine, kinahitaji uangalifu ambao wengi hawaupi. Cha nyuzi 45 kinatosha kwa vinaili za kawaida, na cha nyuzi 60 ni cha vitu vinene. Kosa la karibu kila anayeanza ni kukitoa kisu nje mno kwenye kishikio chake, akidhani kwamba kina cha mkato kinatokana na nguvu peke yake. Kishike kishikio kwa mkono kama kalamu, ukipitishe juu ya kipande cha vinaili kwa kukandamiza kwa nguvu kiasi, kisha ung'oe plastiki na uitazame karatasi: unatakiwa kuona alama hafifu ya mstari, isiyopenya. Kikipenya, kirudishe ndani. Kabla ya kuichagua mashine, chunguza pia kama visu vyake vinapatikana kwa wauzaji zaidi ya mmoja. Kisu ni kitu cha kuisha, na mashine ambayo kisu chake ni cha umbo la pekee lisilotengenezwa na mwingine itakufanya mtumwa wa muuzaji mmoja.

Kama unatazamia kuuza stika za rangi nyingi, ambazo huchapishwa kwenye printa na kisha kukatwa kufuata umbo la picha, basi sifa ya lazima ni jicho la kusoma alama. Printa huchapa alama ndogo kwenye pembe za ukurasa, mashine ya kukata huzitafuta kwa kihisio chake, ikajua ukurasa umekaaje na umepinda kiasi gani, kisha ikakata palipo sahihi. Mashine nyingi za mezani za miaka ya karibuni zinacho, plota nyingi za bei nafuu hazina, au zina taa nyekundu tu ambayo unapaswa kuilenga alama kwa macho yako mwenyewe, nukta baada ya nukta. Kwa kurasa tano hilo linavumilika. Kwa kurasa mia ni adhabu. Kumbuka kwamba vinaili inayong'aa sana huwa inalichanganya jicho hilo, na karatasi angavu iliyobandikwa juu ya stika huweza kulizidishia tatizo.

Fedha zote zisiishie kwenye mashine. Mimi hushauri angalau robo ya akiba ibaki kwa ajili ya vinaili, tepu ya kuhamishia, visu vya akiba, kibanio chenye ncha kali cha kung'olea na kipande kigumu cha plastiki cha kusugulia. Usinunue rangi ishirini siku ya kwanza. Nunua nyeusi na nyeupe za kutosha, na utaona kwamba ndizo wateja wanazoziomba zaidi. Ni muhimu zaidi kuijua aina. Vinaili iliyotengenezwa kwa kubanwa kati ya rola za moto ni ya bei nafuu, lakini plastiki yake hubaki na tabia ya kutaka kurudi ilivyokuwa, kwa hiyo hunywea kidogo kidogo kingoni kadiri miaka inavyopita. Ile iliyomiminwa ikiwa uji kisha ikakaushwa haina mvutano huo, ni nyembamba zaidi, na hukaa vizuri kwenye mikunjo ya gari. Kampuni ya Orafol ya Ujerumani ina aina mbili ambazo wanaoanza wengi hukutana nazo: Oracal 651 yenye gundi ya kudumu kwa kazi za nje, na Oracal 631 isiyong'aa, yenye gundi inayobanduka, kwa kuta za ndani. Ukiibandika 651 kwenye ukuta wa chumba cha mteja, siku ya kuibandua itaondoka na rangi ya ukuta, na lawama zitakuja kwako.

Ya nguo ni habari nyingine. Hukatwa ikiwa imelala kifudifudi, mchoro ukiwa umegeuzwa kama unavyoonekana kwenye kioo, na hubandikwa kwa joto, kwa aina nyingi takriban nyuzi 150 za Selsiasi kwa sekunde 10 hadi 15. Pasi ya nyumbani inaweza kufanya kazi ya majaribio, lakini joto lake halilingani kote na mkandamizo wake hupungua mkono unapochoka; ukianza kuuza, mashine ya kukandamiza kwa joto ndiyo ununuzi wako wa pili, mbele ya plota kubwa zaidi. Kuna pia wenye mashine za leza wanaofikiri wanaweza kukatia humo vinaili badala ya kununua mashine ya kisu. Wasithubutu: vinaili nyingi ni plastiki ya PVC, yenye klorini ndani yake, na ikiunguzwa hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni ambayo hudhuru mapafu na kuozesha vyuma vya mashine yenyewe.

Ukiamua kununua iliyotumika, uamuzi ambao naukubali kwa moyo mweupe kwa plota za wenye kazi, itazame kwanza ile tepu nyembamba iliyolazwa kwenye kitanda, chini ya njia ya kisu. Ikiwa imechimbika, kisu kitazama mahali pamoja na kuruka pengine; ni kitu cha kubadilishwa kwa urahisi, lakini hali yake inakuambia jinsi mwenyewe alivyoitunza. Vipapase vigurudumu vya mpira kama vimepata bapa au vimekuwa vigumu. Lisukume gari la kisu, yaani sehemu inayokibeba kisu, kwa mkono, mashine ikiwa imezimwa, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Liende laini bila kukwaruza na bila kucheza. Kisha uombe lile jaribio la mstatili mara tatu. Anayekataa kuiwasha mashine mbele yako, mwache nayo.

Jambo moja la haki za watu kabla hujaanza kuuza. Nembo za timu na wahusika wa katuni wana wenyewe, na kuzikata kwa ajili ya kuuza bila idhini ni kosa hata kama kila mtu sokoni anafanya hivyo. Linalosahaulika zaidi ni fonti: nyingi zinazopakuliwa bure zimetolewa kwa matumizi binafsi tu, na masharti hayo yameandikwa kwenye faili dogo ambalo hakuna anayelifungua. Lifungue.

Mashine ikifika, wiki ya kwanza usipokee kazi ya mtu. Chukua daftari, na kwa kila aina ya vinaili uliyonayo kata mraba mdogo wenye pembetatu ndani yake, ukianza na nguvu ndogo na kupanda gramu kumi kumi, hadi mraba utakapong'oka peke yake bila kuivuta pembetatu na karatasi ikabaki na alama hafifu tu. Andika aina ya vinaili, kisu, nguvu, kasi na tarehe uliyokiweka kisu hicho. Mkato ukianza kuchanika wiki kadhaa baadaye kwa namba zile zile, usiipandishe nguvu. Angalia tarehe ya kisu, kifungue kishikio, utoe vumbi na kijipande cha vinaili kilichonasa humo, na kama hakijatengemaa weka kipya.